Zaina wa Ubwari na Dirisha Nililoliacha Wazi

Mlinipa kitenge, saa ya ukutani, na hotuba ndefu kuliko uchungu wa mimba ya kwanza. Kitenge nakishukuru. Saa sina haja nayo, kwa sababu tangu nianze kazi sijaona mtoto wa hapa mjini Baraka aliyezaliwa kwa kufuata saa. Ama hotuba, ilisema mengi juu yangu ambayo hata mimi nilikuwa siyajui. Kijana wenu aliyeisoma alisema kwamba miaka yote ile sikukosea hata mara moja. Nilinyamaza, maana wali ulikuwa mezani na watu walikuwa na njaa. Sasa nimepumzika, niko nyumbani, na nawaandikia ninyi mliobaki katika chumba cha uzazi. Nilikosea, na kosa kubwa kuliko yote nililifanya mapema kabisa, nikiwa sijui hata kwamba nafanya kosa.

Nilianza miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanaandika kila kitu chetu daftarini, pamoja na kuku. Nilitoka Lubondja, binti wa wakulima, nimesoma kidogo kwa wamisionari. Siku ya kwanza sikuonyeshwa mama wala mtoto. Nilionyeshwa sufuria. Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kuchemsha: makasi, nyuzi za kufungia kitovu, vitambaa, na glavu za mpira ambazo tulizifua, tukazianika na kuzitia viraka kama mpira wa baiskeli. Ukizichemsha kupita kiasi zinanata. Ukizichemsha kidogo, masere anakutazama. Masere ndiye sista wa kizungu aliyesimamia dispansere, zahanati yetu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache ya Kiswahili, karibu yote ya kuamuru.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mama Anjela, mkunga wetu, Mbembe kama mimi, mjane mwenye mikono mipana na ulimi mkali. Alinikabidhi pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, na ilichukua muda mrefu kabla hajakubali kwamba ninachosikia ni moyo wa mtoto, si tumbo langu mwenyewe likidai chakula. Alinifundisha kwamba mama akiingia, mkono ufanye kazi kabla ya mdomo. Na ukitaka kumwuliza kitu, umsogelee.

"Mutu mwenye uchungu hauliziwe sawa na mutu wa ku soko," alikuwa akiniambia.

Nilitikisa kichwa kukubali kila mara. Kutikisa kichwa hakukunigharimu kitu.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma na dirisha moja kubwa la mbao lililotazama ziwa. Mchana kutwa tuliliacha wazi kwa sababu ya joto na harufu ya dawa. Chini yake palikuwa na baraza la saruji ambapo wanaume walikaa kusubiri. Tuliona ni jambo zuri, maana tukihitaji maji au kuni tuliita tu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kama sisi tunawaita wakasikia, basi na mengine yote wanayasikia.

Katika mwaka wangu wa pili, siku moja ya kiangazi, masere alipanda kwenda Fizi kwa gari akasema atarudi jioni. Mama Anjela alikuwa Lubondja kwenye kilio cha ndugu yake. Nilibaki peke yangu, na nisiseme uongo, nilifurahi. Nilivaa aproni ya Anjela, ambayo ilinizunguka mara mbili, nikaketi kwenye kiti chake.

Saa saba mchana mtumbwi kutoka Ubwari, ile rasi ya ng'ambo ya ghuba yetu, ukafika. Waliteremka shangazi mmoja mnene aitwaye Mwamini, na mzee mwenye kanzu, kaka yake, Mzee Ramazani, mwenye mtumbwi. Nyuma yao, akishikiliwa na wapiga kasia wawili, alikuja msichana anayeitwa Zaina. Alikuwa mke wa mtoto wa Mzee Ramazani, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mume wake, Assani, alikuwa kibarua bandarini Albertville, mbali kusini mwa ziwa. Alikuja likizo, akarudi kazini, akaacha mimba. Uchungu ulikuwa umemshika usiku, wakatoka Ubwari alfajiri, upepo ukawapiga usoni njia nzima. Shangazi alinieleza kwa fahari kwamba hakumwacha mtoto wa watu na njaa: alimpa uji na chai ya sukari, kikombe baada ya kikombe, ili apate nguvu ya kusukuma.

Ninyi wa leo mnakaa meza moja na baba mkwe, mnabishana naye habari za mpira. Wakati ule haikuwa hivyo, na kwa watu wa Ubwari hata zaidi. Mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe usoni, hakula mbele yake, hakutaja jina lake. Mzee Ramazani, kwa kumstahi, alitoka mara moja akaenda kukaa barazani chini ya dirisha. Alifikiri amejitenga.

Nilimpima Zaina tumbo harakaharaka. Chini kidogo, juu ya mfupa wa kinena, niligusa uvimbe wa mviringo nikasema moyoni: hiki ni kichwa, bado kiko juu, tutasubiri. Nikaweka pembe. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda vizuri. Kisha nikachukua daftari na kalamu, nikasimama mlangoni kwenye mwanga, nikamwuliza kwa sauti ya ofisini. Uchungu ulianza usiku? Maji yametoka? Umekula? Umekojoa? Kwa kila swali alitikisa kichwa kukubali, macho yake yakiwa dirishani. Niliandika yote. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Kufika saa tisa mlango wa uzazi ulikuwa umefunguka wote, na mtoto hakushuka. Uchungu ulikuja, ukamkunja Zaina, ukaondoka, na kichwa kiko palepale. Hakulia hata mara moja. Aliuma ncha ya kanga yake mpaka ikatoboka. Nilimsifu kwa uvumilivu wake. Mungu anisamehe, nilimwambia anafanya vizuri. Saa tisa na nusu niliweka pembe tena. Baada ya kila uchungu moyo wa mtoto ulikuwa unasita, na kurudi kwake kulikuwa kwa polepole. Hapo nikachungulia barabarani. Gari la masere halikuwepo, Anjela hakuwepo, na aproni ya Anjela haikunisaidia kitu.

Shangazi Mwamini alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Alivuta pumzi, akasema neno ambalo nilikuwa nalingoja, nikiliogopa.

"Mutoto amefungwa. Huyu mwanamuke iko na kitu anaficha."

Msinicheke. Ninyi mmesoma, mimi nilikuwa nimelelewa Lubondja. Kwetu, na kwa watu wa ziwani vilevile, mtoto akikataa kutoka, watu walitafuta neno lililomfunga. Mama aulizwe kama alikuwa na mwanamume mwingine, amtaje, na tumbo litafunguka. Bibi yangu aliwakalisha wanawake hivyo, wakataja, na watoto wakatoka. Kwamba watoto wale wangetoka hata mama zao wangetaja majina ya mbuzi, hilo halikuniingia akilini. Na jina likishatajwa halirudishwi. Mama akipona, anarudishwa kwao, na mtoto anabaki bila upande wa baba.

Shangazi alimwuliza mara moja, mara mbili. Zaina aliuma kanga tu. Nikamwinamia na mimi, nikamwambia kwa sauti kubwa ya mtu mwenye hofu: "Sema, dada. Kama iko jambo, sema upone."

Maneno hayo ni yangu. Shangazi hakuniwekea mdomoni. Nayaandika hapa kwa sababu kwenye hotuba yenu hayakuwemo.

Uchungu mwingine ukaja, na mwingine. Shangazi akasema kwamba akiendelea kunyamaza atamwua mjukuu wa kaka yake. Zaina alitazama dirisha, akanitazama mimi, na katika macho yale sikuona mtu mwenye siri. Niliona mtu aliyechoka. Halafu akasema, taratibu, kama anayejibu swali la shuleni:

"Ni muuza samaki moja wa Uvira. Jina yake siijue."

Neno likafika barazani. Kupitia dirishani nilimwona Mzee Ramazani akisimama, akakung'uta kanzu yake nyuma, akashuka kuelekea ziwani bila haraka. Nilimsikia akiwapaazia sauti wapiga kasia wapakie vyombo, wanarudi nyumbani. Mmoja aliuliza kitu, naye akamjibu kwamba huyo mwanamke atabaki hapa angoje watu wa Uvira.

Basi mwanamume alikuwa ametajwa. Tukangoja tumbo lifunguke. Uchungu ulikuja, Zaina akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mtoto hakusogea hata unene wa ukucha.

Shangazi akapangusa jasho. "Bado," alisema. "Iko wa pili."

Ndipo nilipomwona Zaina akianza kuzungusha macho chumbani. Alitazama sanduku la sabuni, akatazama taa, akatazama ukuta, midomo ikijaribu kuanza jina na kuliacha. Alikuwa anatafuta mtu wa kutupatia. Nikaelewa palepale kwamba yule muuza samaki hakuwepo, hajawahi kuwepo, na kwamba tungemwuliza mpaka jioni angetaja kijiji kizima cha wanaume ambao hajawaona. Niliona haya, na haya ile sijaimaliza hadi leo. Na kama ilivyo tabia yangu, haya ikageuka hasira.

Nilimwambia shangazi atoke. Akakataa; alisema yeye ndiye mwenye mtu. Mimi ni mfupi, mnanijua, lakini nilimshika mkono nikamsindikiza mpaka nje, nikafunga mlango. Kisha nikaenda nikavuta mbao za dirisha nikazifunga, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya mchana. Chumba kikawa kiza na joto kama tanuri. Nikapiga magoti kichwani pake, mdomo wangu sikioni mwake, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Baba mukwe ameenda ku ziwa," nilimnong'oneza. "Tuko sisi wawili tu. Niambie nini inakusumbua."

Alingoja uchungu upite. Halafu machozi yakamtoka.

"Mama muganga, minataka kukojoa. Tangu asubui. Sasa nikijaribu haitoke."

"Si nilikuuliza, ukakubali?"

"Dirisha ilikuwa wazi. Na ku mutumbwi, baba mukwe alikuwa mbele yangu."

Nikarudisha mkono kwenye ule uvimbe niliouita kichwa. Kichwa cha mtoto ni kigumu, na hiki kilikuwa kinabonyea. Jamani, kilikuwa kinabonyea tangu saa saba! Kibofu kilikuwa kimejaa uji wote wa shangazi, kimevimba, kimeziba njia, na kichwa cha mtoto kilikuwa nyuma yake kikigonga kama mgeni aliyefungiwa nje. Mtoto alikuwa amefungwa kweli, lakini si na neno.

Dawa yake ilikuwa sonde, ule mrija mwembamba wa chuma wa kutolea mkojo. Ulikaa kwenye kabati la masere, na aliyeruhusiwa kuushika ni masere peke yake. Nilikuwa nimemwona akiutumia mara chache, nikiwa nimeshika beseni. Nilifungua kabati. Nikauweka sufuriani, nikapuliza makaa, na ule ndio ulikuwa muda mrefu kuliko yote ya kazi yangu. Kuchemsha ilikuwa kazi niliyoijua kuliko watu wote, na nilijua haiharakishwi. Maji yalikataa kuchemka. Niliweka pembe: moyo wa mtoto ulisita, nikahesabu, nikahesabu, ukarudi. Maji yakaanza kutoa viputo. Niliweka pembe tena, na safari hii ulichelewa zaidi.

Maji yalipochemka sawasawa, nikautoa mrija. Ilinibidi nisukume kichwa cha mtoto juu kidogo kwa vidole viwili ili mrija upate njia. Mara ya kwanza uligoma. Mara ya pili ukapita. Beseni dogo likajaa, nikaweka la pili, likafika zaidi ya nusu, na ule uvimbe ukazama chini ya mkono wangu. Zaina akaachia kanga mdomoni na kulia kwa sauti, kilio kirefu cha mtu aliyefunguliwa. Nilikuwa nimefunga dirisha, kwa hiyo nilimwacha alie.

Uchungu wa tatu baada ya hapo ulileta kichwa. Alikuwa msichana, mwili wa bluu, mlegevu, kimya. Nilimfyonza pua na kinywa kwa mdomo wangu mwenyewe, nikatema sakafuni, nikamsugua mgongo kwa kitambaa kikavu. Hakuna. Nikamsugua tena, nikampiga nyayo. Zaina aliinua kichwa akaniuliza kama amekufa; niliendelea kusugua. Kisha mtoto akakunja uso, akakohoa, akalia kwa kelele za kutisha. Nami nikalia, bila aibu yoyote.

Nilipokuwa nimekata kitovu na kumlaza kifuani kwa mama yake, nilitaka kutoka mbio kuwaita watu wa mtumbwi na kuwaambia kilichotokea. Zaina akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usimuambie baba mukwe. Heri aniite malaya."

"Na huyu je?" nilimwuliza.

Alimtazama mtoto. Vidole vyake vikalegea kwenye mkono wangu.

"Ambia shangazi," alisema. "Shangazi peke yake."

Shangazi Mwamini alikuwa barazani. Alikuwa amesikia mtoto akilia, na uso wake ulionyesha kwamba kwake yeye jambo lilikuwa wazi: mwanamume ametajwa, mtoto ametoka. Nilikaa karibu naye, nikaweka beseni katikati yetu, limefunikwa kitambaa. Nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba mtoto alifungwa na hii. Akafunua kitambaa, akafunika.

"Shangazi, ule uji, ulimupa vikombe ngapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole. Alipofika mkono wa pili akasimama.

"Na mutumbwi ilisimama wapi?"

"Haikusimama," alisema.

Akaweka kiganja mdomoni. Nikamwambia na langu: kwamba mimi pia nilimsukuma aseme, kwamba yule mtu wa Uvira tulimtunga sisi wawili, Zaina alitusaidia tu. Alikaza kanga kiunoni akashuka kuelekea ziwani, na kwa unene wake ule alikwenda kasi. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kusukumwa majini. Aliingia mpaka magotini akaushika ubavuni, na kaka yake akateremka. Niliwaona wamesimama bega kwa bega, wote wawili wametazama milima ili wasitazamane, shangazi akisema na mzee akiinamisha kichwa. Waliongea Kibwari, na mbali. Sikujua alimwambia nini wala yeye alijibu nini. Kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka, ikanibidi nirudi ndani.

Jioni masere alirudi. Alinigombeza kwa kufungua kabati lake, na kesho yake akanifundisha kutumia sonde inavyotakiwa. Mama Anjela, alipotoka kilioni na kusikia habari yote, hakunigombeza. Alienda akafunga dirisha, akakaa siku mbili bila kuzungumza nami, na hilo liliniuma zaidi. Tangu hapo, kila mama aliyeingia mikononi mwangu, nilifunga dirisha kwanza, nikawatoa watu wake, nikaweka mkono tumboni, ndipo nikafungua mdomo karibu na sikio lake. Mlioniona mkaniita mama wa mbao sasa mnajua sababu.

Siku tatu Zaina alikaa kwetu. Shangazi, aliyelala kwa ndugu zao hapo Baraka, alileta samaki na ugali asubuhi na jioni, akambeba mtoto, akaondoka bila kusema habari za kaka yake. Zaina hakuuliza. Alinyonyesha, na kila sauti ya mwanamume ikipita nje alimfunika mtoto uso. Mimi nilikuwa nimeuliza sokoni. Niliambiwa mzee wa Ubwari alikuwa hajaonekana pwani tangu juzi, na sikuthubutu kumwambia Zaina. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiri nitampeleka wapi msichana na kichanga, mimi mwenyewe nikiwa nalala kwenye chumba cha sufuria.

Siku ya nne asubuhi shangazi alikuja akasema wanaondoka. Nilimbeba mtoto, tukashuka ziwani polepole, Zaina akitazama miguu yake. Mtumbwi ulikuwepo. Wapiga kasia wawili walikuwa wamekaa mbele, wamegeuka upande wa maji. Nyuma, mtu alikuwa amesimamisha fito nne na kuzungusha mikeka mipya mpaka ikawa chumba kidogo kisichoonekana ndani. Niliinua pembe ya mkeka nikaona blanketi, mtungi wa maji, na beseni.

Mzee Ramazani hakuwepo. Zaina aliangaza macho pwani, akamwuliza shangazi kwa sauti ndogo kama baba mkwe atakuja.

"Ameshatangulia," shangazi alisema. "Ameenda na miguu, anafuata kando ya ziwa mpaka Ubwari. Mutumbwi amekuachia we. Amesema batu ba kasia basimame ku kila kijiji, mujukuu wake asichoke."

Zaina alimwomba arudie. Shangazi akarudia.